KAMINA, KIJIJI CHA NJIA PANDA

Somo juu ya historia ya mahali na maisha ya watu pamoja

Mtu akiulizwa, «Kwenu ni wapi?», hutaja jina la mahali. Lakini tukichunguza jibu lake, tutaona ya kuwa mahali peke yake hapatoshi. Miti, mto na udongo havimwiti mtu kwa jina lake. Wanaomwita kwa jina ni watu: waliompokea alipozaliwa, waliomfundisha kazi, na watakaomzika siku atakapokufa. Hao ndio wanaofanya mahali kuwa kwao.

Basi, kijiji huzaliwaje? Huzaliwa kwa damu moja tu, au kwa kukaa pamoja? Na kikiisha kuzaliwa, chaweza kufa? Ili kujibu maswali hayo, somo hili latazama mahali pamoja panapojulikana na wengi katika Katanga, yaani Kamina. Leo Kamina ni mji, tena tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Hata hivyo ulianza kama vijiji vingi vinavyoanza, kwa shamba, kwa kisima na kwa njia ya kupitia, na watu wake wengi bado wanaishi kwa jembe.

I. MAHALI

Kamina iko katika nyanda za juu, yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza kunyesha karibu na mwezi wa Oktoba na kukoma karibu na Aprili. Kisha huja kiangazi, nyasi hukauka, na usiku huwa na baridi. Watu hulima mihogo, mahindi na karanga. Chakula cha kila siku ni bukari, pamoja na sombe au samaki.

Samaki hao hutoka mashariki, katika bonde la Upemba, ambako Mto Lualaba hupita kati ya maziwa na mafunjo. Magharibi na kaskazini-magharibi ndiyo njia ya kwenda Kasai. Mto Lomami, unaoanzia katika nyanda hizi na kutiririka kaskazini hata kuingia Mto Kongo, ndio ulioupa mkoa jina lake. Hivyo Kamina imekaa katikati: huku wavuvi, huku wakulima, huku njia ya nchi nyingine. Anayekaa njia panda hana budi kuzoea wageni.

II. WAZEE

Nchi hii haikuwa ukiwa kabla ya reli na misioni. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958. Walikuta vyungu vizuri vilivyowekwa kando ya maiti, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Baadhi ya makaburi hayo yana umri wa miaka elfu moja na zaidi. Ziwa lile halina machimbo ya shaba. Shaba ililetwa kutoka kusini, na bila shaka samaki waliokaushwa walikwenda upande wa pili. Kwa hiyo, tangu zamani za kale, watu wa pande hizi waliishi kwa kupeana na majirani.

Baadaye ukasimama ufalme wa Waluba. Masimulizi ya wazee yanaeleza habari za mfalme wa kwanza, Nkongolo, mtu mkali asiye na adabu, aliyekula mbele ya watu wote. Kisha akafika mwindaji kutoka mashariki, jina lake Mbidi Kiluwe. Huyo alikuwa mgeni mwenye heshima na desturi za kifalme. Alipokewa, akaoa katika ukoo wa Nkongolo, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuuimarisha ufalme.

Tuangalie vema masimulizi hayo yanafundisha nini. Waluba wangaliweza kusema kwamba ukuu wao ulitoka kwao wenyewe tu. Hawakusema hivyo. Walisema ya kuwa adabu ya ufalme ililetwa na mgeni, na kwamba mfalme wao mkuu alizaliwa na mama wa nyumbani na baba wa mbali. Katika shina la ufalme mna mgeni aliyekaribishwa.

Kumbukumbu hizo hazikuandikwa katika vitabu. Zilitunzwa na chama cha wazee kiitwacho Mbudye. Walikuwa na kibao cha mti, jina lake lukasa, kilichopambwa kwa shanga na simbi. Mzee aliyefundishwa alipitisha kidole juu ya shanga, akasimulia: huyu ni mfalme fulani, hapa ni mji wake, hii ni njia ya safari yake. Kibao chenyewe hakisemi kitu kama hapana mtu aliyefundishwa kukisoma. Mzee akifa pasipo kumfundisha kijana, shanga hubaki, na habari hupotea.

Mwisho wa karne ya 19 ufalme uligawanyika kwa sababu ya ugomvi wa kurithi kiti. Kabongo alitawala upande wake, na Kasongo Niembo akatawala upande wa Kamina. Kasongo Niembo alikataa kwa muda mrefu kuwatii Wabelgiji, hata wakamkamata mwaka 1917 na kumpeleka uhamishoni mbali na nchi yake. Ndugu waliotengana ndani walikuwa rahisi kushindwa na watu wa nje.

III. RELI

Mwaka uliofuata, 1918, reli iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama, penye Mto Lualaba. Kampuni ya reli iliyoitwa BCK ikaendelea kujenga kuelekea kaskazini-magharibi, kupitia Kamina na Kasai, hata Port-Francqui, inayoitwa sasa Ilebo. Njia hiyo ya zaidi ya kilometa 1,100 ilifunguliwa mwaka 1928, na mfalme Albert wa Ubelgiji alihudhuria. Mwaka 1956 ikaongezwa njia nyingine, kutoka Kamina kwenda Kabalo, kuungana na reli ya mashariki. Ndipo Kamina ikawa njia panda kweli kweli: treni za kusini, za magharibi na za mashariki zilikutana katika stesheni moja.

Reli ilihitaji watu: wa kutandika vyuma, wa kuchochea moto wa gari, wa kutengeneza mashine, wa kuandika barua na hesabu. Walikuja Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai, Wakanyoka, Walunda, Wasongye na wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walijenga pia kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege karibu na mji, na kazi ikazidi.

Hapo pana jambo la kufikiri. Katika kijiji cha kale mtu alizaliwa kati ya jamaa zake. Katika kambi ya reli mtu alipewa nyumba, na jirani yake alikuwa yule aliyepewa nyumba ya pili. Hawakuchaguana. Huyu alisema Kiluba cha huku, yule alisema Kiluba cha Kasai, mwingine alisema lugha ambayo wote wawili hawakuielewa. Wakasaidiwa na Kiswahili. Wake wakakutana kisimani na sokoni. Watoto wakacheza pamoja vumbini. Mtu alipofiwa, majirani walikaa matanga naye hata kama si wa ukoo wake. Hivyo watu waliokusanywa na kazi walianza kuwa kijiji kwa njia ya mambo madogo ya kila siku. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.

IV. MISIONI

Katika miaka ya 1920 mapadri Wafransisko kutoka Ubelgiji walipewa kazi ya kuhubiri Injili katika sehemu hizi za Katanga. Walijenga misioni, shule na nyumba za wagonjwa. Lakini waliofikisha mafundisho mpaka vijiji vya mbali, kwa miguu na kwa baisikeli, walikuwa makatekista wenyeji. Mwaka 1959 Kamina ikafanywa jimbo la kiaskofu, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mfransisko Victor Petrus Keuppens.

Kati ya mapadri hao alikuwamo Placide Tempels, aliyekaa miaka mingi kati ya Waluba. Mwanzoni, kama alivyokiri baadaye, alikuja kufundisha tu. Halafu akatambua ya kuwa hawezi kuwafundisha watu asiowasikiliza. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitolewa Elisabethville. Wataalamu wengi, na Waafrika miongoni mwao, wamebishana naye juu ya mambo mengi ya kitabu hicho. Lakini neno moja alilojifunza kwa Waluba limebaki: mtu hawi mtu peke yake, uzima wake hukua au hupungua pamoja na uzima wa wale waliofungamana naye.

V. WIMBO ULIOTOKA KAMINA

Mwezi wa Septemba mwaka 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliwekwa kuwa mkubwa wa shule ya Kamina. Siku zile, katika shule nyingi za misioni, watoto walifundishwa nyimbo za Ulaya, na ngoma za kwao zilihesabiwa kuwa hazifai kanisani. Padre huyo aliona vingine. Alikusanya kwaya ya watoto wapata 45 pamoja na walimu wapata 15, naye akawataka waimbe kwa sauti na ngoma za kwao wenyewe. Kwaya hiyo ilipewa jina la mfalme wa wakati ule, Baudouin.

Kazi yao iliyojulikana kuliko zote inaitwa Misa Luba. Maneno yake ni yale ya Kilatini, jinsi yalivyotumika katika Misa Takatifu siku hizo. Lakini muziki wake haukutoka kitabuni. Ulitungwa kwa kuimba pamoja: mmoja alianza, wengine wakaitikia, ngoma ikafuata, hata wimbo ukakaa sawa. Mwimbaji kiongozi alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada, katika misioni ya Mtakatifu Bavo, hapo Kamina.

Tutazame sasa nyimbo hizo zilichotwa katika visima gani. Mahali panapotajwa mateso na kufa kwake Yezu Kristu, sauti ni ya maombolezo, kama Waluba wanavyomlilia maiti wao. «Mtakatifu, Mtakatifu» imefuata wimbo wa kuagana wa Waluba. «Hosana» ina mwendo wa ngoma ya Kasai. «Mwana-Kondoo wa Mungu», sala ya kuomba amani, imetoka katika wimbo wa Bena Lulua. Hivyo Misa yenyewe ni picha ya kambi ya reli: watu wa nyumba mbalimbali, kila mmoja ameleta alicho nacho, na vyote vimekuwa wimbo mmoja. Hakuna aliyeambiwa aache sauti ya baba zake ili apate kuingia.

Mwaka huo huo wa 1958 kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba pia katika maonyesho makubwa ya Brussels. Sahani za santuri zilipigwa, na Misa Luba ikasikika duniani kote; mwaka 1964 Mwitalia Pasolini aliitumia katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Lakini katika maonyesho yale yale ya Brussels palikuwa na jambo la aibu. Wenye kuandaa walijenga kijiji cha Kikongo cha kutazamwa, wakawaweka watu wa Kongo ndani ya uzio, na baadhi ya wageni wakawatupia vitu kama wanavyowatupia wanyama. Wakongo wale walikataa, wengine wakarudi kwao.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Kijiji kile cha uzio kilikuwa na vibanda, lakini hakikuwa kijiji, kwa maana watu wake walitazamwa wasisikilizwe. Kwaya ya Kamina haikuwa na kibanda hata kimoja. Ilikuja na nyimbo tu, na kijiji chake kilikuwa ndani ya nyimbo hizo.

VI. MAJARIBU

Ingekuwa rahisi kumaliza somo hapa, kwa furaha. Lakini historia ya kweli haifichi machozi.

Mwaka 1959, mwaka mmoja tu baada ya Misa ile kuimbwa, Waluba na Bena Lulua walipigana huko Luluabourg katika Kasai. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Waluba wa kaskazini ya Katanga waligawanyika: wengi walimfuata Jason Sendwe na chama cha Balubakat, waliokataa kujitenga, mfalme Kasongo Niembo wa wakati huo alikuwa upande wa Tshombe. Vijiji vilichomwa, njia ya reli ikashambuliwa mara nyingi, na watu wa lugha moja wakauana. Kujitenga kulikwisha mwezi wa Januari 1963, lakini majeraha hayakupona upesi.

Halafu, katika miaka ya 1992 na 1993, ugomvi wa wakubwa wa siasa uliwaangukia tena wadogo. Katika Katanga watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa Katanga. Baba zao na babu zao ndio waliojenga reli na kuchimba shaba. Watu mamia ya maelfu walihama. Walikaa majuma na miezi katika stesheni, bila maji ya kutosha wala dawa, wakingoja treni, na wengi wakafa, hasa watoto.

Treni zitokazo Likasi na Kolwezi kwenda Kasai hazina njia nyingine ila kupita Kamina. Tufikiri maana yake. Reli ile ile iliyowakusanya majirani ndiyo iliyowachukua mbali. Katika mji ambamo «Hosana» iliimbwa kwa ngoma ya Kasai, mabehewa yalipita yamejaa watu wa Kasai waliofukuzwa. Ule wimbo wa kuagana haukuwa tena wimbo wa kanisani.

Basi, kijiji kinaweza kufa? Ndiyo, na hakifi kwa kukosa nyumba. Hufa siku ile mtu anapomtazama jirani wa miaka 30, aliyemwazima kinu na kumsaidia kumzika mamaye, akamwambia, «Wewe si wa hapa». Wenye kulianzisha neno hilo mara nyingi wanakaa mbali, katika nyumba nzuri. Lakini haliwezi kutenda kazi pasipo mtu wa karibu kukubali kulitamka.

Na palikuwapo waliokataa. Kila mara katika misiba ya namna hiyo wamepatikana watu waliowaficha jirani zao, waliotunza ufunguo wa nyumba, waliopeleka maji stesheni. Majina yao hayamo vitabuni. Tena, vita vilivyoanza mwaka 1998 vilipofika kaskazini ya Katanga, wakimbizi wengi walikuja Kamina, na jamaa maskini wakagawana nao bukari yao. Mji wa njia panda ulikumbuka kazi yake ya kale, ile ya kumpokea mgeni.

VII. FUNDISHO

Mambo matatu yanafaa kushikwa katika somo hili.

La kwanza: kijiji hakianzi kwa damu peke yake. Wazee wa Waluba walijua hivyo walipomtaja mgeni Mbidi Kiluwe katika mwanzo wa ufalme wao. Maandiko Matakatifu yanafundisha vivyo hivyo: Waisraeli waliamriwa wampende mgeni kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri, na Bwana wetu anajihesabu mwenyewe kati ya wageni wanaopokewa au kukataliwa.

La pili: umoja si kufanana. Misa Luba haikuwafanya watu wote kuwa kabila moja. Kila kisima kilitoa maji yake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo lake juu ya Liturujia la mwaka 1963, uliagiza ya kuwa muziki wa mataifa upewe heshima unayostahili na nafasi yake katika ibada. Watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha imba hivyo miaka mitano mbele.

La tatu: kumbukumbu ni kazi, nayo ni kazi ya kila mtu. Lukasa bila msomaji ni ubao tu. Leo wazee waliofanya kazi katika reli wamekuwa wachache, na wale watoto 45, walio hai, ni wazee wa miaka 75 na zaidi. Majina yao wengi hayakuandikwa juu ya santuri. Kijana anayeketi karibu na mzee jioni akauliza, «Babu, ninyi mlifikaje hapa?», anafanya kazi ya Mbudye. Akiuliza pia habari za yule jirani aliyeondoka, na kwa nini aliondoka, anafanya kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ndiyo itakayozuia neno lile baya lisitamkwe mara ya tatu.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Masimulizi ya Mbidi Kiluwe yanatufundisha nini juu ya mgeni?
2. Ni kazi gani iliyowakusanya watu wa makabila mbalimbali Kamina? Ni mambo gani madogo yaliyowafanya kuwa majirani?
3. Taja nyimbo za makabila zilizoingia katika Misa Luba. Kwa nini twasema Misa hiyo ni picha ya kijiji?
4. Kijiji cha maonyesho huko Brussels kilikosa nini?
5. Katika mtaa wenu, nani aliondoka miaka ya taabu? Nani alimsaidia? Waulizeni wazee, mkaandike majina.
6. Neno «Wewe si wa hapa» linapotamkwa mbele ya mkristu, apaswa kufanya nini?